Cheni Isikazwe Kama Ngoma: Tuliyojifunza Kutokana na Katapila Letu

Hotuba ya Ofisi ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika iliyofanyika Gungu, Kigoma. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.



Tunawashukuru kwa kufika. Wengine mmetembea kwa miguu kutoka Mwanga na Ujiji, wengine mmepanda gari la alfajiri kutoka Kalinzi na Kasulu, na wapo waliokuja kwa boti mpaka Kibirizi. Katika ratiba mliyopewa mada yetu imeandikwa kwa kifupi "Matengenezo ya mitambo". Wakati wa chai baadhi yenu mlituuliza kwa nini wajumbe ambao wengi ni wakulima, walimu na wafanyabiashara wadogo wakae kusikiliza habari za cheni ya katapila, kazi ambayo ni ya fundi.

Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba cheni ile ndiyo iliyosimamisha barabara ya zahanati, na chanzo chake kilikuwa sisi wa ofisini kuliko opereta. Leo alasiri mtaombwa kuamua kama mashine itengenezwe au iuzwe. Tumeona si vema mpige kura kabla hamjasikia habari yote, pamoja na sehemu ambayo hatukuiandika katika taarifa yetu ya kwanza.

MASHINE YENYEWE

Katapila letu la kijiko ni aina ya Caterpillar 955L. Lilitengenezwa miaka ya 1970, na lilipita katika mikono mingi kabla ya kutufikia kama msaada. Uzito wake ni zaidi ya tani 15. Kazi yake kwetu ni kukata kingo za milima, kuchimba na kupakia kifusi, na kusawazisha viwanja vya makanisa, shule na zahanati.

Mashine hii haina matairi. Inatembea juu ya cheni mbili za chuma, moja kila upande. Kila cheni ni vipande vingi vilivyounganishwa kwa pini, na kila pini imevikwa bushi, yaani bomba fupi la chuma gumu. Juu ya vipande hivyo zimefungwa sahani pana kwa bolti. Hizo ndizo zinazokanyaga ardhi. Nyuma kuna gurudumu la meno, sproketi, ambalo huvuta cheni. Mbele kuna gurudumu lisilo na meno, ambalo huiongoza cheni na kuivuta isilegee. Chini kuna rola zinazobeba uzito wote, na juu kuna rola ndogo inayoishika cheni isianguke.

Tunaeleza haya kwa sababu tulipopokea mashine hatukuyajua. Tulijua dizeli, tulijua oili ya injini, na tulijua posho ya opereta. Kila mwezi mliona mambo hayo matatu katika taarifa zetu. Sehemu ya chini ya mashine haikuwa na mstari wake hata mmoja. Lakini watengenezaji wa mashine za cheni husema kwamba sehemu hiyo ya chini peke yake huweza kula karibu nusu ya gharama zote za matengenezo.

YALIYOTUPATA

Mnaikumbuka barabara tuliyoanza upande wa milimani. Wananchi walikuwa wamejitolea kwa majembe na sururu, wakakata sehemu za tambarare. Zilibaki kingo tatu za mlima ambazo jembe haliziwezi. Tuliahidi kwamba katapila litazimaliza kabla ya mvua.

Mwezi wa kumi opereta alituletea habari kwamba cheni ya kushoto inapiga kelele na "inacheza". Tulimjibu kwamba amalize kwanza ukingo wa pili, kisha tutatafuta fundi. Jibu hilo lilitoka ofisini kwetu. Opereta alitii. Siku ya nne, alipokuwa akigeuza mashine kwenye mteremko, cheni ilitoka kwenye gurudumu la mbele, na mashine ikakaa imeinama upande mmoja. Kwa neema ya Mungu haikupinduka, wala hakuna aliyeumia.

Ilituchukua siku tatu kuirudisha cheni, kwa jeki, magogo, minyororo na nguvu za vijana wa kijiji. Hapo ndipo tulipofanya kosa la pili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Tulikuwa na hofu. Tulimwambia opereta na msaidizi wake: kazeni mpaka isitoke tena. Wakachukua bomba la grisi, wakapampu mpaka cheni ikanyooka juu kama kamba ya kuanikia nguo iliyovutwa na watu wawili. Sote tuliiangalia tukaridhika. Haikutoka tena, hilo ni kweli.

Mvua zilianza. Udongo wa kule ni mwekundu na unanata. Mashine ikawa nzito kama iliyofungwa breki. Dizeli ikaisha mapema kuliko kawaida, na mtunza stoo alishukiwa kuiba. Tunachukua nafasi hii kumwomba radhi mbele yenu. Gurudumu la mbele likawa linapata moto hata mkono hauwezi kuligusa. Kabla ya Krismasi oili ilianza kuvuja upande wa sproketi, na mashine ikasimama kwenye ukingo wa tatu.

Barabara ilibaki haijaunganishwa msimu mzima. Mama mmoja mjamzito alibebwa usiku kwa machela kupita pale pale mashine iliposimama, vijana wakiteleza kwenye matope wakiwa na taa moja. Alifika zahanati, na mtoto yupo. Lakini sisi tuliokuwa tumeahidi barabara tulipata habari zake kesho yake, tukiwa ofisini.

MZEE ALIYETUULIZA SWALI MOJA

Mwezi wa pili tulimwita fundi mstaafu, mzee wa hapa mjini, aliyefanya kazi na mashine za barabara maisha yake yote. Hakufungua kisanduku cha spana. Alichuchumaa kando ya cheni, akapitisha kidole kwenye meno ya sproketi, akagonga sahani moja kwa jiwe. Kisha akauliza:

"Wanangu, nani aliipima cheni hii?"

Tukamwambia, "Mzee, tuliikaza sana ili isitoke."

"Sikuuliza nani aliikaza. Nimeuliza nani aliipima."

Hakuna aliyejibu. Akasema, "Mmeifunga kama ngoma. Ngoma inataka kukazwa ili ilie. Hii haitakiwi kulia."

Alituonyesha meno ya sproketi yaliyochongoka, na bushi zilizolika upande mmoja. Uchakavu ambao ungechukua miaka tuliutengeneza katika msimu mmoja.

KWA NINI CHENI ILIYOKAZWA SANA HUJILA

Wengi wetu tulidhani cheni ikilegea ni mbaya na ikikazwa ni salama. Sivyo. Yote mawili ni madhara, ila moja lina kelele na jingine ni la kimya.

Cheni iliyolegea mno huyumba, hupiga fremu na rola ya juu, huruka meno ya sproketi, na hutoka mashine inapogeuka au inapofanya kazi kwenye mteremko. Hayo opereta huyasikia.

Cheni iliyokazwa mno haifanyi kelele hizo. Lakini kila kipande kinapopita kwenye gurudumu la mbele na kwenye sproketi, lazima kikunjwe na kunyooshwa, na pini izunguke ndani ya bushi. Kama cheni imevutwa kwa nguvu, mzunguko huo hufanyika chini ya mzigo mkubwa, chuma kwa chuma, maelfu ya mara kwa siku. Pini hulika, bushi hulika, meno hulika, na beringi na sili za gurudumu la mbele na za upande wa sproketi huelemewa. Injini nayo hutumia nguvu nyingi kuzungusha cheni badala ya kuchota udongo. Ndiyo maana dizeli yetu iliisha, na mtunza stoo hakuwa na hatia.

Tope huongeza shida. Udongo unaonata unapojaa kati ya bushi na meno, ni kama umevalisha sproketi kiatu kinene: cheni hulazimika kuzunguka njia ndefu zaidi, na hivyo hujikaza yenyewe. Cheni iliyopimwa vizuri mahali pakavu inaweza kuwa imekaza mno ikifika kwenye matope ya bonde la Luiche au udongo mwekundu wa milimani. Kwa hiyo kipimo hufanyika pale pale mashine inapofanyia kazi, katika hali ile ile ya udongo.

Jambo jingine alilotufundisha mzee ni kurudi nyuma. Mashine ikienda mbele, sproketi huvuta sehemu ya chini ya cheni, na sehemu ya juu hupumzika. Ikirudi nyuma, sehemu yote ya juu pamoja na gurudumu la mbele huvutwa, na bushi hulika zaidi. Opereta anayerudi nyuma mwendo mrefu kwa kasi anakula cheni. Mpangeni kazi kifusi kiwe karibu na anapomwaga.

JINSI YA KUPIMA

Hatutaki mjumbe yeyote ashike spana. Tunataka kila mjumbe ajue kipimo kinavyofanyika, ili akifika kazini aweze kuona kama kimefanyika. Ni kazi ya nusu saa, na vifaa vyake ni ubao ulionyooka, rula, kitambaa na bomba la grisi.

1. Mashine iwekwe mahali pa tambarare. Kama inafanya kazi kwenye matope, tope lisioshwe kabla ya kupima.

2. Iendeshwe mbele polepole, kiasi cha urefu wake mara mbili, kisha iachwe isimame yenyewe bila kukanyaga breki. Hapo ulegevu wote wa cheni hukusanyika juu, ambako unaweza kupimwa. Ukipima baada ya kurudi nyuma, utadanganyika.

3. Kijiko kishushwe mpaka chini, breki ya kuegesha ifungwe, injini izimwe, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayepima.

4. Ubao ulazwe juu ya kingo za sahani, kutoka juu ya rola ndogo mpaka juu ya gurudumu la mbele. Pima kwa rula umbali kutoka ubao hadi kwenye cheni pale iliposhuka zaidi.

5. Linganisha na kitabu cha mashine. Kwa mashine kama yetu kipimo huwa kati ya milimita 25 na 40, yaani upana wa vidole viwili hivi. Lakini kidole si kitabu; kila mashine ina kipimo chake, nacho ndicho kinachofuatwa.

6. Pima pande zote mbili, uandike.

Siku mzee alipopima cheni yetu ya kushoto, ubao ulilala juu yake bila nafasi hata ya kupitisha kadi ya kliniki.

KUKAZA NA KULEGEZA

Mashine za zamani zaidi hukazwa kwa skrubu kubwa na spana ndefu. Ya kwetu hukazwa kwa grisi. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna silinda. Ukipampu grisi ndani yake, husukuma gurudumu mbele na cheni hukaza. Baada ya kukaza, mashine iendeshwe mbele na nyuma kidogo, kisha ipimwe tena. Kipimo cha kwanza baada ya kupampu hakiaminiki.

Kulegeza ni kutoa grisi hiyo kwa kufungua valvu yake taratibu, si zaidi ya mzunguko mmoja. Grisi ikitoka ya kutosha, valvu hufungwa na cheni hupimwa upya. Kama grisi haitoki, usiendelee kufungua. Funga, sogeza mashine mbele na nyuma, jaribu tena. Ikishindikana, ita fundi.

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu ni suala la uhai wa vijana wetu.

Kwanza, grisi iliyo ndani ya silinda ile ina shinikizo kubwa sana. Valvu au nipeli ikifunguliwa mpaka ikatoka, inaweza kuruka kama risasi, na grisi inaweza kupenya ngozi. Asisimame mtu mbele ya valvu, wala asichungulie kuona kama grisi inatoka. Mtu akipigwa na grisi, hata kama anaona tundu dogo tu na hasikii maumivu, apelekwe hospitali saa ile ile na daktari aelezwe kwamba ni grisi ya shinikizo. Jeraha hilo dogo linaweza kumgharimu mkono.

Pili, nyuma ya silinda kuna springi kubwa iliyobanwa kwa nguvu za tani nyingi. Kazi yake ni kupokea kishindo mashine inapokanyaga jiwe. Springi hiyo haifunguliwi porini wala chini ya mwembe. Hufunguliwa karakana yenye kifaa chake. Ikifunguka ovyo inaweza kuua.

Tatu, kama grisi imepampiwa mpaka gurudumu la mbele limefika mwisho wa njia yake na cheni bado inalegea, cheni hiyo imechakaa. Wapo watakaowashauri kukata kipande kimoja ili kuifupisha. Msikubali kirahisi. Cheni iliyochakaa imerefuka kila kiungo, na nafasi kati ya bushi hailingani tena na meno ya sproketi. Ukiifupisha unanunua wiki chache tu na kuua sproketi. Njia ya kweli, ikiwahi, ni kung'oa pini na bushi karakana na kuzigeuza nusu mzunguko ili upande ambao haujalika ushike kazi. Ikichelewa, bushi hupasuka na hakuna cha kugeuza.

HATUKUWA WA KWANZA

Nchi yetu iliwahi kulipa somo hili kwa gharama kubwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo. Urambo iko kwenye reli yetu hii hii itokayo Tabora kuja Kigoma. Mwaka 1947 yaliletwa matrekta ya cheni, mengi yakiwa masalia ya vita, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mashine zilikuwapo, lakini karakana, vipuri na waendeshaji waliofundishwa havikutosha, na udongo wa Kongwa ulitafuna chuma. Sehemu kubwa ya mashine hizo iliharibika mapema. Mpango uliachwa Januari 1951, baada ya kutumia pauni zipatazo milioni 36.

Lakini upo mfano mwingine wa kututia moyo. Shirika la kanisa la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, lilishirikiana na Serikali na Umoja wa Mataifa kuandaa makazi ya wakimbizi wa Burundi: Ulyankulu mwaka 1972, Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Barabara zilifunguliwa katika pori la miombo, na vijiji vikajengwa kandokando yake. Baadhi ya wazee waliopo humu ndani waliyaona hayo kwa macho. Kazi kubwa inawezekana katika mkoa huu na mikoa jirani, ila haifanyiki kwa mashine peke yake.

BARUA TULIYOANDIKA MARA MBILI

Sasa tunasema jambo ambalo wageni wetu kutoka kwa wafadhili wanalijua, lakini kamati nyingi hazilijui. Mashine iliposimama tuliwaandikia marafiki wetu kwamba sababu ni "uchakavu wa kawaida kutokana na umri wa mtambo". Tuliiandika sentensi hiyo kwa urahisi. Haikuwa uongo wote, maana mashine ni ya zamani. Lakini ilificha kwamba hatukuipima hata mara moja, kwamba tulimwambia opereta aendelee baada ya kulalamika, na kwamba tuliamuru ikazwe bila kipimo.

Mzee alipoondoka tuliandika barua ya pili, tukaeleza yote. Haikuwa rahisi. Kikao cha ofisi kilibishana siku mbili, wengine wakisema tutapoteza msaada. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: hapatakuwa na fedha za cheni mpya kwa sasa, na watasubiri kuona tunavyoitunza iliyopo. Tuliliona jibu hilo gumu, lakini lilikuwa la haki. Tangu hapo pini na bushi zimegeuzwa, sili zimebadilishwa kwa michango ya sharika na mapato ya kukodisha mashine, na ukingo wa tatu ulimalizika kiangazi kilichofuata. Fundi anatuambia kwamba sproketi zilizopo hazitakwenda mbali.

MASWALI AMBAYO KAMATI IULIZE

Uwakili si kuhesabu sadaka tu. Chuma kilichotolewa kwa kazi ya Mungu nacho ni sadaka. Kwa hiyo mashine inapofika kwenye usharika wenu, tunawaomba mwenyekiti au mjumbe aliyeteuliwa aulize mambo haya, kwa upole na bila kumdhalilisha opereta:

1. Cheni ilipimwa lini mara ya mwisho, na saa za mashine zilikuwa ngapi?

2. Kipimo cha kushoto ni milimita ngapi, na cha kulia ni ngapi? Kama havilingani, fundi ameambiwa?

3. Tangu ipimwe, udongo wa kazi umebadilika, kutoka mkavu kwenda matope au kinyume chake?

4. Je, cheni inahitaji kupampiwa grisi kila baada ya siku chache? Kama ndiyo, silinda inavuja.

5. Bolti za sahani zimekaguliwa? Kuna oili inayovuja upande wa sproketi?

6. Opereta amelalamika jambo lolote, na nani alimjibu?

Swali la sita ndilo ambalo lingetuokoa sisi. Opereta wetu aliongea. Hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba ameongea.

Tumeandaa daftari dogo la cheni lenye safu tano: tarehe, saa za mashine, kipimo cha kushoto, kipimo cha kulia, na sahihi mbili. Sahihi moja ni ya opereta, ya pili ni ya mjumbe wa kamati ya mahali kazi inapofanyika. Kipimo ni mara moja kwa wiki, na kila mashine inapohamia udongo mwingine. Opereta amepewa mamlaka ya kuisimamisha mashine kipimo kikipita kiasi, na hakuna mtu wa ofisini, akiwamo mratibu, anayeruhusiwa kumwambia amalize kwanza ukingo.

UAMUZI WA LEO

Ndugu wajumbe, mnajua kwamba usharika mwingine wa milimani umeshaanza kuchimba kwa majembe na unasubiri mashine. Mnajua pia kwamba yupo mtu aliyejitokeza kuinunua kama ilivyo. Ukiiuza, fedha hiyo itakodisha greda kwa muda mfupi, kisha itakwisha. Ukiitengeneza, utahitaji sproketi na pengine cheni nzima, na ukiishika kama tulivyoishika sisi, itakufa tena.

Ofisi yetu ina maoni, lakini hatutayasukuma. Ombi letu ni moja. Kama mtaamua itengenezwe, msitupe fedha za cheni mpya leo. Tupeni miezi sita ya kufanya kazi nyepesi na cheni iliyopo, kifusi na viwanja tu, bila mteremko. Mwisho wa miezi sita liiteni daftari, wala msiiite taarifa yetu. Mkikuta wiki zina vipimo na sahihi mbili, ndipo mzungumze habari ya fedha. Mkikuta kurasa tupu, iuzeni.

Mchana huu, baada ya chakula, mashine itakuwa pale uwanjani. Opereta ataipima mbele yenu. Leteni macho yenu, na atakayependa ashike rula. Daftari liko mezani, na ukurasa wa kwanza unahitaji sahihi ya mjumbe mmoja.